Nani anakula betri? Kuchagua kifaa cha kupima ampea

Ukiingia katika maduka ya elektroniki pale Luthuli Avenue, Nairobi, ukasema unataka kifaa cha kupima ampea, muuzaji anayejua kazi yake hakimbilii rafu. Anakuuliza: ampea ngapi? Umeme wa betri au wa ukutani? Wengi hujibu "chochote tu, ni cha majaribio", na hapo ndipo pesa huanza kupotea.

Volti ni rahisi. Unagusa ncha mbili, unasoma, umemaliza. Ampea ni jambo jingine, kwa sababu mkondo wenyewe lazima upite ndani ya kifaa chako, au angalau upite karibu nacho kiasi cha kuhisiwa. Fikiria mizani ya malori kwenye barabara ya Mombasa. Ama unalipandisha lori juu ya mizani na kulichelewesha kidogo, ama unasimama pembeni na kukisia uzito kwa ngurumo. Vifaa vyote nitakavyovitaja leo ni vya aina hizo mbili, na kila kimoja kina mahali pake.

(Enyi wenzangu wa kuandika programu, msikimbie. Hakuna hesabu hapa zaidi ya kuzidisha na kugawanya.)

Kilichonitoa kwenye tarakilishi na kunipeleka kwenye nyaya ni betri ya mama. Nyumbani kwetu Makueni, stima ya laini haijafika kwenye boma letu. Kuna paneli moja ya sola ya wati 100, kontrola ndogo, betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50, na inveta ya wati 500. Mama ana taa nne, redio, televisheni ndogo ya taarifa ya habari, na biashara: majirani huleta simu zichajiwe kwa shilingi chache. Msimamizi wa biashara hiyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye huandika kila simu kwenye daftari.

Februari 2024 taa zikaanza kuzimika saa saba usiku. Na Februari kwetu ni jua kali la kupasua mawe, kwa hiyo mawingu hayangeweza kusingiziwa. Fundi mmoja akaitwa, akapima volti, akasema betri imekufa, inunuliwe nyingine. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu kumi. Mama naye alikuwa na jibu lake: kijana anachaji simu za marafiki zake usiku bila kuandika. Kijana akaapa kwamba si kweli. Mama akamnyang'anya ufunguo wa chumba cha betri. Dada yangu aliposikia mwanawe anaitwa mwizi akaacha kupiga simu nyumbani, wiki ya kwanza, wiki ya pili.

Basi kulikuwa na washtakiwa wawili, betri na kijana, na kila aliyewashtaki alikuwa na uhakika. Mimi niliona kwamba namba moja ingeweza kuamua: ni ampea ngapi zinatoka kwenye betri kati ya saa nne usiku na alfajiri?

Kontrola ilikuwa na kioo kinachoonyesha ampea za mzigo. Usiku ilionyesha 0.25 tu, yaani taa moja ya nje. Kwa hesabu hiyo betri ilipaswa kufika asubuhi ikiwa inacheka. Kabla ya kununua chochote nilichora mfumo mzima kwenye karatasi, waya kwa waya, nikimwuliza mpwa kwa simu kila waya unaenda wapi. Jambo likajitokeza. Nyaya za inveta hazikupitia kontrola. Zilikwenda moja kwa moja kwenye betri, na ndivyo zinavyopaswa kuwa, kwa maana kontrola ndogo haiwezi kubeba ampea za inveta. Lakini maana yake ni kwamba kontrola haioni kabisa kinachopita huko. Ni kama askari wa lango kubwa kuulizwa nani aliyepita mlango wa nyuma.

Kwa hiyo mahali pa kupimia palikuwa pamoja tu: kwenye ncha ya betri yenyewe, kabla waya wowote haujatawanyika.

Sasa ukubwa. Inveta ya wati 500 ikifanya kazi yake yote kwenye volti 12 inavuta ampea 42, na ukiongeza upotevu wake mwenyewe unakaribia 50. Upande wa pili, mwizi wa usiku anaweza kuwa mdogo sana. Nusu ampea ikitiririka saa kumi ni ampea-saa tano, sehemu moja ya kumi ya betri. Nilitaka kifaa kinachoweza kustahimili ampea 50 bila kuungua, na bado kione ampea 0.05. Ukiiandika namna hiyo, nusu ya vifaa vya dukani vinajiondoa vyenyewe.

Tuanze na kile ambacho kila mtu anacho, multimita. Zile ndogo za manjano za aina ya DT-830 zina tundu la ampea 10, na pembeni mwake imeandikwa kwamba halina fyuzi na usizidishe sekunde kumi. Hilo si pambo. Mtu akiwasha televisheni wakati multimita imekaa katikati ya njia ya inveta, tundu hilo linapikwa. Na hata ikistahimili, itakujibu kuhusu sasa hivi tu. Mimi nilikuwa nauliza kuhusu usiku kucha, na sina mtu wa kukaa macho akisoma kioo.

Kuna koleo la SCT-013, lile la buluu au jeusi linalobana waya bila kuukata. Nalipenda sana. Hukati chochote, hugusi shaba, na kwa stima ya ukutani ni salama kuliko vyote. Ndani yake ni transfoma: waya unaopimwa ni mzunguko mmoja, na ndani ya koleo kuna mizunguko 2000, hivyo ampea 100 zinatoka kama miliampea 50. Lakini transfoma inataka mkondo unaobadilika. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831: sumaku isiyobadilika haisukumi umeme katika waya uliotulia. Umeme wa betri unatiririka upande mmoja, haugeuki. Ukilibana koleo hili kwenye waya wa betri utasoma sifuri, na utamwamini kwa sababu sifuri inaonekana kama jibu. Kwa pampu ya maji ya volti 240, nunua hili. Kwa betri, liache dukani.

Halafu ACS712. Hii ndiyo utakayopewa ukisema "chochote tu", maana ni rahisi na kila mwenye Arduino anayo. Inatumia jambo aliloligundua Edwin Hall mwaka 1879 huko Baltimore, Marekani: mkondo ukipita kwenye bamba jembamba lililo ndani ya uga wa sumaku, volti ndogo hutokea ubavuni. Mkondo wako unapita kwenye kipande cha shaba ndani ya chipu, shaba inatengeneza sumaku yake, na kihisi kinaisikia bila kugusana nayo. Ni yule anayesimama pembeni ya barabara. Uzuri wake ni huo utengano: upande wa umeme mkubwa na upande wa maikrokontrola wako havishikani.

Ila soma namba. Kuna tatu: ya ampea 5, ya 20 na ya 30. Ya 5 inatoa milivolti 185 kwa kila ampea, ya 20 inatoa 100, ya 30 inatoa 66. Ukubwa unavyoongezeka, usikivu unapungua. Arduino Uno inagawanya volti 5 katika ngazi 1024, yaani karibu milivolti 4.9 kwa ngazi. Gawanya 4.9 kwa 66: ngazi moja ni miliampea 74. Kile nilichotaka kukiona, ampea 0.05, kingepita chini ya ngazi ya kwanza kama panya chini ya mlango. Na hapo hatujataja kelele ya chipu yenyewe, wala sifuri yake, ambayo imewekwa kwenye volti 2.5 na husogea volti 5 zako zikisogea. Zaidi ya hayo ampea 30 hazifiki 50. Ipo kaka yake, ACS758 ya ampea 50, lakini hiyo inatoa milivolti 40 kwa ampea. Inastahimili zaidi, inasikia kidogo zaidi. Tatizo lile lile.

Kwa hiyo ikabaki njia ya mizani: kupitisha mkondo wote juu ya ukinzani mdogo unaojulikana, na kupima volti inayoanguka hapo. Ukinzani huo ndio unaoitwa shanti. Sheria ya Ohm inamaliza mengine.

Bodi maarufu ya namna hii ni INA219. Ina shanti ndogo juu yake, imeandikwa R100, yaani omu 0.1. Chipu inasoma hadi milivolti 320, kwa hiyo mwisho wake ni ampea 3.2, na inaona hatua za miliampea 0.1. Kwa saketi za mezani, kwa mfano kujua kama ESP32 yako inalala kweli inapodai kulala, hii ndiyo ninayoishauri bila kusita. Lakini omu 0.1 kwenye ampea 50? Volti 5 zingeanguka hapo na wati 250 zingegeuka moto. Bodi yenyewe ni ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. (Soma daima maandishi juu ya ile rezista. R100 ni omu 0.1, R010 ni 0.01, R002 ni 0.002. Bodi mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kutofautiana mara hamsini kwa herufi hizo tu, na anayekuuzia huenda hajawahi kuzitazama.)

Nilichochagua kilikuwa vitu viwili. Cha kwanza ni shanti ya ampea 50, milivolti 75: pande mbili za shaba nyeupe, na kati yake vipande vya aloi, vyote vimefungwa juu ya kipande cha plastiki. Ukinzani wake ni omu 0.0015. Ampea 50 zikipita inapoteza wati 3.75 tu, na wakati wa usiku inapoteza karibu na bure. Cha pili ni bodi ya INA226, ndugu mkubwa wa 219. Hii inasoma hadi milivolti 81.92, kwa hiyo zile 75 zinaingia humo kama mguu kwenye kiatu chake, na hatua yake ni mikrovolti 2.5. Gawanya kwa 0.0015: miliampea 1.7 kwa hatua. Kosa la sifuri la chipu, kwa maelezo ya kiwanda, halizidi mikrovolti 10, ambazo ni chini ya miliampea 7. Ampea 50 juu, 0.05 chini, na nafasi inabaki.

Bodi niliyoipata ilikuja na R100 yake. Hiyo ni lazima itolewe kwa chuma cha kulehemu kabla ya kuunganisha shanti ya nje, la sivyo nyaya nyembamba za kusomea nazo zinaanza kubeba mkondo, na usomaji unaharibika.

Hizo nyaya za kusomea ndizo watu huzipuuza. Itazame shanti vizuri: ina bolti mbili kubwa na skrubu mbili ndogo. Bolti ni za mkondo, skrubu ni za kusomea. Ukisomea kwenye bolti, unapima shanti pamoja na kutu, kukaza na kulegea kwa bolti, na kwa omu 0.0015 hata bolti iliyolegea kidogo ni kubwa kuliko kitu unachokipima. Wazo la kutenganisha njia ya mkondo na njia ya kipimo ni la Kelvin, karne ya 19, na bado hakuna aliyelishinda. Ile aloi nayo ina hadithi. Ni manganini, ya shaba, manganizi na nikeli, iliyotengenezwa na Edward Weston mwaka 1892. Mtu atakuambia kipande cha waya wa shaba chenye urefu uliopimwa kinatosha kuwa shanti. Kinatosha kwa kukisia. Lakini ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Chumba cha betri chini ya mabati, Makueni, kinaweza kutofautiana digrii 15 kati ya alfajiri na saa nane mchana, na hapo kipimo chako kimeyumba asilimia sita bila mtu kukigusa. Manganini karibu haisogei.

Shanti niliiweka upande wa hasi. Huko, waya wa kusomea ukigusa kitu kisichofaa, cheche ni ndogo. Sharti lake ni moja: nyaya zote za hasi, ya kontrola na ya inveta, zihamie upande wa pili wa shanti, na kwenye ncha ya betri ibaki shanti peke yake. Waya mmoja ukibaki nyuma, huo hautahesabiwa, na tumerudi kwa askari wa lango. Waya wa kupima volti ulikwenda kwenye chanya kupitia fyuzi ndogo. Na tafadhali vua pete na saa. Betri ya ukubwa huu ikishikanishwa kwa spana inatoa ampea za kuyeyusha chuma.

Upande wa programu nitaupita haraka kwa sababu ulikuwa mwepesi. ESP32 inaongea na INA226 kwa nyaya mbili za I2C. Jambo la kuangalia ni kwamba inveta ya hertzi 50 inavuta mkondo kwa mapigo 100 kila sekunde, si kwa utulivu. Ukisoma mara moja unaweza kuangukia kileleni au bondeni. INA226 inaweza kujumlisha vipimo 1024 na kukupa wastani wake, ambao kwa mpangilio wake wa kawaida, volti na ampea zikipimwa kwa zamu, huchukua kama sekunde mbili. Niliwasha hilo, nikazima Wi-Fi ili kifaa chenyewe kisiwe mwizi wa tatu, nikaandika mstari mmoja kwenye kadi kila dakika: saa, volti, ampea, jumla ya ampea-saa.

Nilikifunga Jumamosi jioni mbele ya mama, na nikamwomba awarudishie watu mambo yao kama kawaida, pamoja na ufunguo. Hakufurahi.

Jumapili asubuhi tulifungua faili pamoja, mimi, mama na mpwa. Jioni kulikuwa na vilima: televisheni ikapanda na kushuka, simu zikaingia moja moja, kila moja ngazi yake. Daftari la kijana lilikuwa na simu tisa, saba za kabambe na mbili za skrini kubwa. Jumla ya vilima hivyo ilikuwa kama ampea-saa saba, na hesabu ya betri za simu hizo pamoja na upotevu inafika hapo hapo. Simu ya mwisho ilimaliza saa nne na robo. Baada ya hapo mstari ulinyooka kama uzi, ampea 0.85, dakika baada ya dakika, hadi taa zilipokatika. Simu hata moja ingechomekwa usiku ingeacha ngazi. Hakuna ngazi.

Mama aliutazama ule mstari kwa muda. Akauliza, "Sasa hiyo 0.85 ni nani?"

Tulikwenda chumbani na tarakilishi ndogo. Taa ya nje, 0.25, tukaizima. Ikabaki 0.6. Televisheni ilikuwa imezimwa, simu hakuna hata moja. Nikamwambia mpwa abonyeze swichi ya inveta iliyo nyuma. Kioo kikashuka hadi 0.02, ambayo ni kontrola na kifaa changu.

Inveta ile haikuwa imezimwa kwa miezi kadhaa. Ikiwa macho bila kazi yoyote inavuta ampea 0.6, na kwa saa 24 hizo ni zaidi ya ampea-saa 14. Paneli ya wati 100 siku nzuri inaleta kama 27. Nusu ya jua la Makueni ilikuwa inapasha joto kisanduku. Na kwa kuwa inveta haipiti kwenye kontrola, betri ikishuka kontrola inakata taa ili kuikinga, huku inveta ikiendelea kuinyonya chini zaidi mpaka ilie yenyewe. Ndiyo maana taa zilikuwa zinakufa kwanza, na kila mtu akatazama taa.

Betri haikuwa bila doa. Betri ya asidi inayokaushwa hivyo kila usiku huzeeka haraka. Wiki mbili baadaye, ikiwa imejaa, tuliipima kwa mzigo wa taa ikatoa ampea-saa 31 kabla ya kufika volti 11.5. Imechoka, lakini haijafa, na elfu kumi hazikutumika mwaka huo. Simu sasa zinachajiwa kwa chaja ya USB ya volti 12, bila kupitia inveta, na inveta inawashwa saa moja jioni na kuzimwa taarifa ikiisha. Mwezi uliofuata taa ya nje ilifika asubuhi kila siku.

Mama hakumwomba kijana radhi, si kwa maneno. Alimrudishia ufunguo mbele ya dada yangu, aliyekuja siku ya Pasaka, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo shilingi moja katika kila tano za simu ni yake. Kijana aliandika hilo kwenye daftari, na tarehe.

Shanti bado iko pale, imepigiliwa kwenye ubao. Ukitaka kujenga kama hii, beba karatasi yenye mambo matatu unapokwenda dukani: ampea kubwa kabisa, ampea ndogo kabisa unayotaka kuiona, na kama umeme ni wa betri au wa ukutani. Na kama ni wa ukutani, sahau shanti, rudi kwenye koleo. Faili za programu nitaziweka hapa nikishasafisha majina ya vigeu, ambayo kwa sasa ni ya aibu.